Kanuni ya Tarehe Iandikwe Kabla ya Msimbo

Mwanachama amekopa Sh10,000 kwenye chama chake Jumamosi, Januari 31, 2026, na ameahidi kulipa baada ya mwezi mmoja. Alipe lini?

Wazee wa chama watasema mwisho wa Februari, yaani tarehe 28. Skripti ya Python, yaani programu fupi ya kompyuta, iliyoambiwa iongeze siku 30 itasema Machi 2. Skripti ya JavaScript au ya PHP iliyoambiwa iongeze mwezi mmoja itasema Machi 3, kwa sababu inaitafuta Februari 31, inaikosa, kisha inasonga mbele kwa zile siku tatu zilizozidi. Mkopo ni mmoja, majibu ni matatu. Ikiwa chama kinatoza faini ya Sh100 kwa kila siku ya kuchelewa, aliyeleta pesa Machi 3 ama hadaiwi kitu, ama anadaiwa Sh100, ama anadaiwa Sh300.

Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mwekahazina anashutumiwa kwamba amependelea, kijana aliyeandika skripti anaambiwa hajui kazi, na mkopaji anaondoka akinung'unika. Ukweli ni kwamba mashine haijakosea hesabu. Kila skripti imefanya ilichoagizwa. Kilichokosekana ni kauli moja ya wanachama wenyewe: kwetu sisi, mwezi ni nini?

Msimamo wetu ni huu. Hakuna chama, zahanati, shule wala ofisi ya umma hapa Masinga, Machakos, inayopaswa kukabidhi hesabu za tarehe kwa kompyuta kabla ya kuandika kanuni yake kwa lugha ambayo kila mhusika anaielewa. Kanuni itangulie, msimbo ufuate.

Tunalisema hili sasa kwa sababu daftari linaondoka mezani. Kuanzia Ekalakala hadi Kivaa, kutoka Ndithini hadi Muthesya, vikundi vinahamishia rekodi kwenye simu na kompyuta. Vijana wanaojifunza kuandika msimbo wanaombwa wawatengenezee wazazi na majirani vijiprogramu vya kukumbusha malipo, kupanga zamu na kuhesabu umri. Mwaka 2022 Taasisi ya Ustawishaji Mitaala Nchini (KICD) iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji shuleni. Hayo yote ni mema na tunayaunga mkono. Lakini skripti ya mistari 20 inaweza kumnyima mtu haki yake sawasawa na karani mzembe, na tofauti ni kwamba skripti hurudia kosa lile lile kwa kila jina lililo kwenye orodha.

Mfano wa kanuni iliyoandikwa vizuri tunao wenyewe, tena katika Katiba. Kifungu cha 140 kinataka ombi la kupinga uchaguzi wa rais liwasilishwe katika Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na mahakama itoe uamuzi ndani ya siku 14 baada ya ombi kuwasilishwa. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa Machi 9, ombi likawasilishwa Machi 16, uamuzi ukatolewa Machi 30. Mwaka 2017 ilikuwa Agosti 11, Agosti 18 na Septemba 1. Mwaka 2022 ilikuwa Agosti 15, Agosti 22 na Septemba 5. Mara zote tatu walalamishi walitumia siku zao hadi ya mwisho, na majaji vilevile.

Kifungu cha 141 nacho kinasema rais mteule, kukiwa na kesi, aapishwe Jumanne ya kwanza baada ya siku ya saba tangu mahakama itoe uamuzi kwamba uchaguzi ulikuwa halali. Siku ya saba mwaka 2022 iliangukia Jumatatu, Septemba 12, na William Ruto akaapishwa kesho yake, Septemba 13. Mwaka 2013 iliangukia Jumamosi, Aprili 6, na Uhuru Kenyatta akaapishwa Jumanne, Aprili 9. Mwanafunzi akiandika kanuni hizo kwa Python, mistari michache tu itampa tarehe zote hizo bila kukosea hata moja.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu waandishi wa Katiba walitaja tukio linaloanzisha hesabu, idadi, kipimo, na siku ya wiki inayotakiwa. Nayo Sheria ya Tafsiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, katika kifungu cha 57, inamaliza ubishi mkubwa kuliko wote: siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Anayeanza kuhesabu "moja" siku ya tangazo lenyewe angemwambia mlalamishi wa 2022 kwamba muda unaisha Agosti 21. Angekuwa amemnyang'anya siku nzima.

Ubishi huo huo upo kwetu kila wiki. Fundi ameahidi kazi "baada ya siku tatu". Je, leo imo? Mkulima ameambiwa mahindi ya Katumani hukomaa kwa takriban siku 90 hadi 120. Zihesabiwe kuanzia lini? Wakulima wengi wa Ukambani hupanda mbegu kwenye udongo mkavu, mvua ya vuli ikiwa bado haijashuka. Mbegu inaweza kukaa ardhini wiki mbili ikingoja maji. Skripti inayohesabu tangu siku ya kupanda itamwita mkulima avune mahindi ambayo bado ni mabichi. Siku ya kuanzia hesabu inapaswa kuwa ile mvua ya kwanza ya kuotesha, na hilo mtaalamu wa kompyuta aliyeketi Nairobi hawezi kulijua asipoambiwa na mwenye shamba.

Twende kwenye zahanati, maana huko kosa la tarehe linagusa mwili wa mtoto. Ratiba ya chanjo ya Kenya hutoa sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela mtoto akifika miezi 9 na miezi 18. Tazama mtoto aliyezaliwa Jumanne, Februari 3, 2026. Wiki 6 ni Machi 17. Wiki 10 ni Aprili 14. Wiki 14 ni Mei 12. Zote ni Jumanne, kwa sababu wiki haibadiliki urefu: ni siku 7 popote ulipo. Sasa mtu akidhani wiki 14 ni sawa na miezi mitatu na nusu, skripti yake itampeleka mama kliniki Mei 18, siku 6 baada ya muda. Na akigeuza miezi 9 kuwa siku 270, itamwita Oktoba 31, siku 3 kabla mtoto hajafika miezi 9, ambayo hutimia Novemba 3. Mama huyo huenda ametembea kilomita kadhaa juani, mtoto mgongoni, ili aambiwe arudi wiki ijayo.

Kanuni hapa ni fupi: kilichoandikwa kwa wiki kihesabiwe kwa wiki, kilichoandikwa kwa miezi kihesabiwe kwa miezi ya kalenda. Usibadilishe kipimo ili tu kazi iwe rahisi. Tangu Septemba 2023 Serikali imewapa wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini simu zenye mfumo unaowakumbusha nyumba za kutembelea. Kila kikumbusho ndani ya simu hizo ni hesabu ya tarehe. Mhamasishaji anayeona kikumbusho kisicholingana na kijitabu cha mama na mtoto asinyamaze. Aripoti, na aliye juu yake alichukulie neno hilo kwa uzito.

Umri nao una mtego wake. Wengi huhesabu siku tangu kuzaliwa kisha wakagawanya kwa 365. Njia hiyo inasahau miaka mirefu, ile yenye siku 366. Katika miaka 18 kuna siku 4 au 5 za ziada. Katika miaka 70 kuna siku 17 au 18. Kwa hiyo skripti itasema kijana ametimiza miaka 18 siku kadhaa kabla hajatimiza, na itamwingiza mzee kwenye orodha ya waliofika 70, umri wa kunufaika na mpango wa Inua Jamii kwa wazee, zaidi ya wiki mbili kabla ya siku yake. Karani mwingine akihakiki kwa kalenda, jina linakatwa, na mzee anaonekana tapeli ilhali hajadanganya mtu. Njia ya haki ni ile ya kawaida: linganisha mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kama siku ya kuzaliwa haijafika mwaka huu, toa mmoja.

Hata wakubwa huanguka hapa. Februari 29, 2012, huduma ya Azure ya kampuni ya Microsoft ilikwama kwa saa nyingi kwa sababu programu yake ilitafuta tarehe ya mwaka mmoja mbele kwa kuongeza 1 kwenye mwaka tu. Ikapata Februari 29, 2013, siku isiyokuwepo. Programu ya Excel nayo mpaka leo inaamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29, ingawa haukuwa nayo. Kosa hilo lilirithiwa kutoka Lotus 1-2-3 na halikuondolewa, ili majedwali ya zamani yaendelee kusomeka. Kanuni ya mwaka mrefu inajulikana: mwaka ugawanyike kwa 4, lakini ule wa mwisho wa karne lazima ugawanyike kwa 400. Ndiyo maana 2000 ulikuwa mrefu, na 2100 hautakuwa. Kijana wa Masinga hana haja ya kuiandika upya kanuni hiyo. Python na lugha nyingine zimekwisha kuiweka katika maktaba zao za tarehe. Azitumie.

Kuna jambo la namna ya kuandika tarehe, na bwawa letu linatupa mfano. Aprili na Mei 2024 mvua zililijaza bwawa la Masinga hadi likafurika, na wakazi wa bonde la Tana upande wa chini wakatakiwa kuhamia maeneo ya juu. Sasa fikiria mtu anayekusanya vipimo vya maji vya siku hizo katika jedwali, akakuta safu iliyoandikwa 04/05/2024. Sisi tunasoma Mei 4. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma Aprili 5. Tofauti ni siku 29, na kati ya siku hizo mbili mto ulikuwa umebadilika kabisa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani: tarehe zote mbili zipo kwenye kalenda, kwa hiyo mashine hailalamiki. Dawa ni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-05-04. Huo ndio mtindo wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na una faida nyingine: orodha ikipangwa kwa mpangilio wa kawaida, tarehe zinajipanga zenyewe.

Saa nazo zina shida yake, na hii inatuhusu hasa sisi wa Afrika Mashariki. Seva nyingi huhesabu kwa saa za dunia, UTC, nasi tupo mbele kwa saa 3. Mchango uliotumwa kwa simu saa saba usiku wa kuamkia Machi 1, kwa saa za seva, umeingia Februari 28 saa nne usiku. Skripti ikichukua tarehe hiyo ilivyo, mchango wa Machi unahesabiwa Februari, na taarifa za miezi yote miwili zinaharibika. Katika JavaScript tatizo hili hujitokeza kwa urahisi sana: ukitengeneza tarehe ya Machi 1 saa sita usiku kwa saa za Kenya, kisha ukaiomba iandikwe kwa mtindo wa ISO, inatoka Februari 28. Mwandishi wa skripti lazima ataje eneo la saa, Africa/Nairobi, mahali popote tarehe inapozaliwa kutokana na saa. Vilevile, anayeingiza saa za mikutano akumbuke kwamba saa mbili asubuhi ya mwananchi ni 08:00 kwenye mashine. Akiandika 02:00, ujumbe utawaamsha watu usiku wa manane.

Mwisho kuna sikukuu, ambazo hakuna fomula inayoweza kuzikamata zote. Kifungu kile kile cha 57 cha Sheria ya Tafsiri kinasema siku ya mwisho ya muda ikiangukia Jumapili au sikukuu ya umma, muda unasogea hadi siku inayofuata ya kazi; na pale muda usipozidi siku 6, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi kabisa. Madaraka, Mashujaa na Jamhuri zina tarehe maalumu. Idd-ul-Fitr inategemea mwezi kuandama. Nyingine hutangazwa ghafla, kama Mei 10, 2024, siku iliyotengwa kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko na kupanda miti. Skripti iliyoandikwa Januari mwaka huo isingeweza kuijua. Kwa hiyo orodha ya sikukuu iwekwe kando ya msimbo, mahali ambapo katibu asiyejua kusimba anaweza kuongeza mstari mmoja, na iwe ni wajibu wa mtu aliyetajwa kwa cheo kuihuisha.

Tunapendekeza nini basi?

Kwanza, kila chama kiandike katika katiba yake mambo manne: mwezi ni nini, siku ya kwanza inahesabiwa au la, siku ya malipo ikiangukia Jumapili au sikukuu inakuwaje, na mkopo wa tarehe 29, 30 au 31 unalipwa lini mwezi unapokuwa mfupi. Maoni yetu ni kwamba mwezi uwe wa kalenda, siku ya kukopa isihesabiwe, na pale tarehe inapokosekana malipo yawe siku ya mwisho ya mwezi huo. Chama kinaweza kuamua vingine. Muhimu ni kwamba kimeamua, na uamuzi umesomwa mbele ya wote.

Pili, malipo ya awamu yahesabiwe kutoka tarehe ya asili ya mkopo, si kutoka awamu iliyopita. Mkopo wa Januari 31 ukisogezwa mwezi mmoja unafika Februari 28; ukisogeza tena kutoka hapo unafika Machi 28, na siku tatu za mkopaji zimepotea. Ukisogeza miezi miwili kutoka Januari 31 unafika Machi 31, kama ilivyokubaliwa.

Tatu, hakuna skripti ianze kazi kabla ya kujaribiwa kwa tarehe ngumu: Januari 31, Februari 28, Februari 29 ya mwaka mrefu, Desemba 31, na saa saba usiku ya tarehe 1. Wanaojaribu wawe wawili: aliyeandika msimbo, na mwanachama mwenye kalenda ya ukutani na kalamu. Wakitofautiana, kazi isimame mpaka wajue ni kwa nini.

Nne, skripti ionyeshe hesabu yake. Isiandike tu "umechelewa". Iandike siku ya kuanzia, idadi ya siku, na siku ya mwisho, ili hata bibi asiye na simu ya kisasa aweze kusomewa na kuhakiki kwa vidole vyake.

Tano, walimu wa kompyuta wa Machakos waiweke hesabu ya tarehe mapema katika masomo yao. Ni somo zuri kwa anayeanza: halihitaji mashine ya bei ghali, majibu yake yanaweza kuhakikiwa kwa kalenda, na linamfundisha mwanafunzi kuuliza kabla ya kuandika. Zoezi la kuanzia lipo tayari. Katiba inasema uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mwanafunzi aandike skripti itakayotoa Agosti 8 kwa 2017, Agosti 9 kwa 2022 na Agosti 10 kwa 2027. Akifaulu kwa miaka hiyo mitatu, apewe hesabu ya deni la mkopo wa chama cha mama yake.

Kwa vijana wetu wanaoandika msimbo tuna neno la mwisho. Mtakapoombwa na kikundi kazi ya tarehe, msifungue kompyuta kwanza. Kaeni na wanachama, waulizeni siku yao inaanza lini na mwezi wao unaishia wapi, andikeni majibu kwenye karatasi, wayatie sahihi. Na kwenu wenyeviti, makatibu na wawekahazina: msikubali skripti ambayo mwandishi wake hawezi kuwaeleza kanuni yake kwa Kiswahili au Kikamba. Pesa ni zenu, watoto ni wenu, na jukumu la kujua tarehe imetoka wapi ni lenu pia.